SOMO LETU: MASHINI YA KWENDA NAYO CHUO KIKUU



Ndugu zetu wa darasa la mwisho wakisha kufanya Examen d'État, wengine wataingia Université de Bunia, wengine ISP, wengine Université Shalom, wengine ISTM ya Nyankunde, na wengine wataenda mbali, Kisangani ao Kampala. Karibu kila mmoja anauliza nyumbani neno moja: "Baba, na mimi nitapata mashini?" Maana yake ni ordinateri ya kubeba, ile watu wanaita laptopu. Tuliona ni vizuri kuandika somo hili mapema, mbele ya feza kutoka mfukoni.

1. HESABU INAKUJA KWANZA

Katika Luka 14:28 Bwana Yesu anasema juu ya mtu anayetaka kujenga mnara: anakaa kwanza, anahesabu kama ataweza kumaliza. Fanya vilevile. Chukua karatasi, andika minervali ya mwaka, nyumba, chakula, njia, vitabu. Kisha andika mashini. Kama mashini inakula minervali, iache kwanza. Mwanafunzi asiye na mashini anaweza kusoma na kupeleka kazi yake kuchapwa mjini. Lakini mwanafunzi asiyelipa minervali atarudishwa mlangoni siku ya mtihani, hata akishika mashini ya bei kali namna gani.

Mama akiuzisha ng'ombe juu yako, ujue ng'ombe hauzishwi mara mbili.

2. KAZI YAKO NI GANI?

Anayesoma teolojia, sheria, ualimu ao uuguzi, kazi yake kubwa ni kuandika, kusoma vitabu, kutafuta habari kwa intaneti. Hahitaji mashini ya nguvu sana. Anayesoma informatiki ao kuchora mipango ya nyumba, yeye anahitaji nguvu zaidi. Aulize wakubwa wa fakilte yake mbele ya kununua.

Kuna mambo mawili ya kuangalia. La kwanza ni memwari (RAM). Ni sawasawa na meza: kama meza ni kubwa, unaweza kufungua vitabu vingi kwa mara moja. GB 4 inasumbua siku hizi. Tafuta GB 8. La pili ni diski. Hii ni sawasawa na kabati ya kuweka vitu. Diski ya namna ya SSD inafungua mashini upesi, haina kitu kinachozunguka ndani, basi haiogopi sana mitikisiko ya pikipiki katika barabara zetu. SSD ya GB 256 inatosha kwa kuanza.

3. UMEME WETU

Mashini ambayo inafaa Ulaya inaweza kukusumbua hapa, juu ya umeme unakuja na kwenda. Kwa hiyo bateri ni jambo kubwa kwetu. Hesabu yake ni rahisi. Tuseme bateri inabeba Wh 48, na mashini inakula W 12 wakati wa kuandika. 48 kugawanya kwa 12 ni saa 4. Kama bateri imezeeka na imebaki na nusu, utapata saa 2 tu.

Soma tena maandishi madogo juu ya shajeri. Yakisema 100–240 V, ni sawa kwa umeme wetu wa 220 V. Shajeri nyingi zinatoa W 45 ao 65. Kile kipaneli kidogo cha jua kinachowasha taa na kujaza simu hakitaiweza. Kama kwenu mnatumia jua, uliza kwanza fundi.

4. KUPIMA MBELE YA KULIPA

Mashini nyingi za soko letu zilikwisha kutumika fasi ingine, Ulaya, Dubai ao Kampala. Si kitu kibaya. Mashini ya mkono wa pili iliyojengwa vizuri inaweza kupita mpya ya bei rahisi. Lakini usiamini karatasi iliyobandikwa juu yake. Fanya hivi:

a) Toa shajeri, uitumie kwa bateri peke yake nusu saa nzima. Muuzaji akikataa, ujue kuna neno.
b) Fungua dirisha jeusi la amri (cmd), andika powercfg /batteryreport. Itatengeneza karatasi. Linganisha DESIGN CAPACITY, yaani nguvu ya siku ya kuzaliwa, na FULL CHARGE CAPACITY, nguvu ya leo. Ya pili ikiwa chini ya nusu ya ile ya kwanza, omba bei ishuke ao uiache.
c) Angalia katika Settings, fasi ya About, memwari na prosesa ni gani kweli.
d) Gusa kila herufi ya klavie. Jaribu prizi zote za pembeni, kamera, sauti na Wi-Fi.
e) Izime, uiwashe tena. Ikiuliza neno la siri ambalo muuzaji hajui, ao ikionyesha jina la kampuni fulani, usiinunue. Inaweza kuwa imefungwa na mwenyewe, ao imeibwa.

5. MAMBO MATATU WATU WANASAHAU

Windows. Tangu tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kutoa matengenezo ya kawaida ya Windows 10. Windows 11 haikubali mashini za zamani. Kwa prosesa za Intel, soma namba baada ya kistari: i5-6300U ni kizazi cha 6, haikubaliwi, i5-8350U ni cha 8, inakubaliwa. Mashini ya zamani yenye afya inaweza kuwekwa Ubuntu na LibreOffice, vyote viwili bila kulipa.

Klavie. Mashini zinazotoka upande wa Uganda zina klavie ya Kiingereza: A, Q, Z, W na M haziko fasi tulizozoea. Usiogope. Katika lugha za klavie chagua "United States-International". Ukigusa alama ' kisha e, utapata é. Ukigusa ' kisha c, utapata ç.

Prizi. Shajeri ya Uganda ina meno matatu mapana, na prizi zetu nyingi ni za matundu mawili ya mviringo. Nunua adapta nzuri siku ileile.

6. SIKU YA KULIPA

Usiende peke yako. Enda na mkubwa anayejua. Beba dola safi, maana noti iliyopasuka itakataliwa. Omba fakture yenye jina la muuzaji, tarehe, namba ya serie ya mashini, na siku ngapi anakubali kuirudisha. Bei ikiwa chini kupita kiasi na fakture hakuna, fikiri: labda kuna mwanafunzi mwingine analia fasi fulani. Amri ya Mungu inakataza kuiba, na anayenunua kitu cha wizi kwa kujua anamsaidia mwizi.

Mwisho, kazi zako usiziweke fasi moja. Katika Ituri watu wengi wamekimbia usiku bila kubeba kitu. Weka kopi kwa fleshi inayokaa kwa ndugu, na ingine kwa intaneti. Mashini ikipotea, masomo yasipotee pamoja nayo.

MASWALI YA KUJADILI DARASANI

1. Bateri ya Wh 40 imebaki na Wh 30. Mashini inakula W 10. Utaandika saa ngapi?
2. Prosesa i5-7200U ni ya kizazi gani? Utamshauri nini mwenye kuinunua?
3. Familia ina feza ya minervali ao ya mashini, si vyote viwili. Toeni shauri, na mwonyeshe sababu.