Huyu Mvuvi Anavua Samaki Gani?

Katika makala haya nakusudia kujibu swali ambalo wenzetu wa vidato vya chini huniuliza kila tukitoka kikaoni: "Niandike nini ndio watu wasome?" Jibu langu ni fupi: andika ukiwa wewe. Lakini jibu fupi bila maelezo ni ugali bila mboga, kwa hivyo tulia kidogo tusikilizane.

Nianze na aibu yangu mwenyewe. Nilipokuwa kidato cha pili nilibandika hadithi kwenye ubao wa chama. Ilianza na upepo mwanana, minazi ikipunga, na mvuvi mzee akishusha tanga. Mimi ni mzaliwa wa Kayole. Bahari nilikuwa nimeiona kwenye kalenda tu! Nilidhani Kiswahili kizuri lazima kitembee ufuoni kikiwa kimevaa kanzu. Wenzangu walisoma mistari miwili hivi, wakaenda zao kucheza. Mwalimu mlezi wa chama hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Huyu mvuvi anavua samaki gani?" Nikabaki kukuna kichwa.

Muhula uliofuata niliandika juu ya foleni ya maji. Nilieleza mtungi wetu wa manjano wa lita 20, ule uliopoteza kifuniko tukawa tunauziba kwa karatasi ya nailoni, na jinsi ulivyoibwa saa kumi na moja alfajiri nikiwa nimesinzia juu ya jiwe. Siku ya tatu msichana wa kidato cha kwanza, ambaye hatujawahi kusalimiana, alinisimamisha kando ya maktaba. "Samahani, ule mtungi ulipatikana?" Akaniambia kwao pia yeye ndiye huamka kuteka maji kabla ya shule, na kwamba huwa haambii mtu. Hapo ndipo nilipojua nimempata msomaji wangu.

Sasa tuangalie mafunzo, moja baada ya jingine.

La kwanza: sauti yako ndiyo inayomwita msomaji wako. Mfano uko hapa hapa Eastlands. Katika miaka ya 1990, vijana wengi wa Nairobi waliofanya muziki wa kufokafoka walitumia Kiingereza na kuiga matamshi ya Marekani. Kisha wakatokea Kalamashaka, vijana watatu wa Dandora. Wao walifoka kwa Kiswahili cha mtaani, wakieleza maisha ya Dandora kama wanavyoyajua. Wimbo wao "Tafsiri Hii" uliwafanya wajulikane nchini. Wangeweza kujifanya watoto wa New York, lakini New York ina watoto wake tayari! Kijana wa Mathare au Huruma aliyesikia wimbo ule alisikia mtu akizungumza naye. Baadaye Jua Cali wa mtaa wa California akafuata njia hiyo hiyo, na mtaa wake ukaingia mpaka katika jina lake.

La pili: msomaji wako anaweza kukusahihisha, mruhusu. Ngũgĩ wa Thiong'o alichapisha riwaya yake ya kwanza mwaka 1964 kwa Kiingereza, na sifa zikafika ng'ambo. Lakini majirani wa kwao Limuru, wakulima na wafanyakazi wa viwandani, wengi hawakuweza kuzisoma kazi zake. Mwaka 1977 yeye na Ngũgĩ wa Mĩriĩ waliandika tamthilia ya Kikuyu, Ngaahika Ndeenda, wakaiandaa pamoja na wanakijiji wa Kamĩrĩĩthũ. Wanakijiji hawakukaa kimya. Walirekebisha lugha, wakasema mzee haongei hivi, mzee huongea vile. Fikiria mwandishi mashuhuri, mhadhiri wa chuo kikuu, akifundishwa lugha na mkulima! Watu walimiminika kuja kutazama.

Hata hivyo, ukweli una gharama. Serikali ilizuia mchezo huo Novemba 1977, na mwisho wa Desemba Ngũgĩ akakamatwa na kuzuiliwa gerezani Kamiti bila kufunguliwa mashtaka. Aliachiliwa Desemba 1978. Akiwa mle ndani aliandika riwaya ya Caitaani Mũtharabainĩ kwenye karatasi za choo. Ilipotoka mwaka 1980 ilisomwa kwa sauti majumbani na hata kwenye baa, anayejua kusoma akiwasomea wasiojua. Hao ndio wasomaji aliokuwa akiwatafuta. Ngũgĩ alifariki Mei 2025.

La tatu: kuwa mkweli si lazima uandike Sheng. Najua walimu wangu wanasoma hapa, na mimi sitaki kupunguziwa alama! Ken Walibora aliandika Siku Njema, iliyotoka mwaka 1996, kwa Kiswahili sanifu kabisa. Kongowea anasafiri kutoka Tanga mpaka Kitale kumtafuta babake. Sisi wa Eastlands hatujafika Tanga, lakini yeyote aliyewahi kumkosa mzazi anaielewa safari ile. Kwa hivyo si sanifu iliyoniharibia hadithi ya mvuvi. Ni kwamba sikumjua mvuvi, wala sikujishughulisha kumjua. Hata Sheng unaweza kudanganya nayo, ukiitumia ili uonekane mjanja tu.

La nne, na hili ndilo gumu: ukweli wako unagusana na siri za wengine. Kabla ya kubandika ile hadithi ya maji nilimsomea Mama jikoni. Alicheka sana mahali pa mtungi. Kisha nikafika pale nilipoeleza jirani yetu anayekopa maji na halipi, akanyamaza. "Mambo yako andika yote," akasema. "Lakini mama wa watu ulimwuliza?" Sikuwa nimemwuliza. Nilikata aya nzima, ingawa ndiyo niliyoipenda zaidi. Mwanzoni niliona hadithi imepungua. Siku hizi nikikutana na jirani huyo bombani namwangalia usoni bila wasiwasi, na naona Mama alinisaidia.

Mwisho, usiogope kupoteza baadhi ya wasomaji. Mwenzangu mmoja darasani aliniambia nimeuaibisha mtaa, ati wageni watadhani Kayole ni shida tupu. Sikubishana naye. Labda yeye naye ana Kayole yake ya kuandika, na akiiandika nitakuwa wa kwanza kuisoma. Afadhali msomaji mmoja anayerudi kuuliza kama mtungi ulipatikana kuliko mia wanaopita ubaoni bila kusimama.

Zoezi: Chukua insha yako ya mwisho. Pigia mstari kila kitu ulichoandika ambacho hujawahi kukiona, kukigusa wala kukiulizia. Chagua kimoja, uweke badala yake kitu cha mtaani kwenu. Msomee mtu wa nyumbani kwa sauti, umwangalie usoni. Akitaja jina la mtu unayemjua, uko njiani.

Na kwa wale watakaoniuliza: la, mtungi haukupatikana. Tulinunua mwingine, huu ni wa bluu.