LEZA JUANI: HAIONEKANI, LAKINI IKO



Kijana mmoja wa karieri aliniuliza kwenye dispensere: «Muganga, kwa sikukuu ya 1 Mei, kwa nini tusiandike jina la kambi ukutani kwa leza, saa sita mchana, watoto wote waone?» Alikuwa ameona michoro ya leza usiku, kwenye muziki.

Tuhesabu kidogo. Jua la saa sita hapa kwetu Kasongo linamwaga juu ya udongo mwanga wa karibu lux 100,000. Leza nyekundu ya miliwati 1, yenye doa la sentimetri 1, inaongeza hapo lux 900 hivi tu. Ni mtu anayenong'ona kando ya mashini ya kusaga mawe. Leza ya kijani inaonekana mara 8 zaidi kwa nguvu ileile, maana jicho linapokea kijani vizuri, bado haifiki. Tena, mchoro ni doa moja tu linalokimbizwa mbio na vioo, na mwanga wake unagawanyika juu ya mstari wote. Kushinda jua kunataka wati, si miliwati, na mwanga wa namna hiyo unachoma jicho kabla halijafumba. Ukuta mweupe nao hausaidii, maana unarudisha jua pia. Kinachosaidia ni kivuli. Nilimwambia angoje jua lizame, na mwali upite juu ya vichwa vya watu.

Sasa, kazini. Ndani ya galeri nukta nyekundu ya wapimaji inang'aa. Katika karieri wazi, kama zile za Namoya, teritware ya Kabambare, nukta ileile inapotea. Hatari iko hapo. Mtu haoni nukta ubaoni, anafikiri mashini imezimika, anarudi, anaweka jicho mbele ya tundu: «Inawaka kweli?» Inawaka. Jua limeficha alama, halikupunguza nguvu ya mwali. Na anayeutazama mwali kwa darubini ya kupimia anajiumiza zaidi, kwa sababu vioo vyake vinakusanya mwanga na kuuingiza wote jichoni.

Kuna kipokezi, chombo kinacholia kikiguswa na mwali. Kiombeni kwa mkuu wa timu. Kama hakuna, pimeni alfajiri ama jioni. Ile miwani myekundu inayouzwa pamoja na leza inasaidia kuona nukta, hailindi jicho. Wengi wanadanganyika hapo.

Mama za nyumbani, angalieni toroshi za leza za sokoni. Karatasi yake inaweza kusema miliwati chini ya 5, kumbe ndani mna nyingi zaidi. Baadhi ya zile za kijani hutoa pia mwanga usioonekana, na jicho halijui kuufumbia.

Sehemu ya ndani ya jicho inayopokea mwanga haisikii maumivu. Basi msingoje iume. Chukueni daftari ya mtoto ya miraba, tieni nukta katikati, funikeni jicho moja, tazameni nukta kwa sentimetri 30, kisha jicho la pili. Kama mistari inapinda, ama kuna doa jeusi, msisugue, msitie majani wala maziwa. Njooni dispensere siku ile ile, na mlete leza yenyewe, betri zimetolewa.