SOMO LA KIINGEREZA: AINA ZA MANENO

Ajifunzaye Kiingereza mara nyingi hukariri maneno mia, kila moja na maana yake, kisha akipewa barua fupi hushindwa. Amejua maana ya neno, hajajua kazi yake.

Vitabu vya sarufi huhesabu aina nane za maneno. Tutazame zile kubwa. Jina hutaja mtu, mahali au kitu. Tendo husema lifanywalo. Sifa hueleza jina lilivyo. Katika maneno haya, "The train reached Kigoma in 1914," majina ni "train" na "Kigoma", na tendo ni "reached". Hapo hapana shida.

Shida iko kwingine. Kiswahili huvika maneno yake mavazi: mvuvi, uvuvi, anavua; msomaji akiuona mwanzo wa neno amekwisha kujua aina yake. Kiingereza hakina mavazi hayo. Wafikirini wavuvi wa dagaa wa ziwa letu, watokao na taa usiku wa giza:

"The men light a lamp."
"The light is good."
"The boat is light."

Neno ni lile lile mara tatu. La kwanza ni tendo, kuwasha. La pili ni jina, mwanga. La tatu ni sifa, maana chombo ni chepesi. Latambulikana kwa mahali lisimamapo. Baada ya "the" au "a" tazamieni jina, ingawa sifa yaweza kuingia kati.

Wala jambo hili si la shuleni tu. Tuseme mwenye dagaa wa Ujiji apata barua ya maneno mawili: "Ship fish." Ajua kuwa "ship" ni meli na "fish" ni samaki, basi adhani ni habari za samaki wa melini, akakaa akingoja. Kumbe Kiingereza kikiamuru huanza na tendo, naye ameambiwa apakie! Meli imekwenda zake, magunia yangali bandarini.

Kwa walimu, neno moja zaidi. "Anavua" kwetu ni neno moja. Kiingereza chataka matatu, "he is fishing", au "she" akiwa mwanamke. Mtoto aandikaye "is fishing" tu si mpumbavu. Katika Kiswahili na Kiha pia, mtendaji hukaa ndani ya tendo. Mwulizeni, "Nani?" naye ataliongeza.