Mwanafunzi wa bustani huhesabu siku kabla ya kuchuma

Kijana akisema anasomea kilimo cha bustani chuoni, wengi wetu mijini hudhani kwamba masomo yake ni jembe na ndoo ya maji tu. Ukweli ni kwamba sehemu kubwa ya masomo hayo yahusu afya: afya ya anayelima na afya ya atakayekula. Wiki hii tutaangalia kazi ambazo wanafunzi hawa hufanya shambani, na hasa somo moja ambalo kila jamaa inayonunua au kupanda mboga yafaa ilijue. Somo hilo ni muda wa kungoja baina ya kunyunyiza dawa na kuchuma.

Masomo haya si mageni nchini Kenya. Chuo cha Jomo Kenyatta kule Juja kilipopokea wanafunzi wake wa kwanza mwaka wa 1981, miaka mingi kabla hakijawa chuo kikuu kamili mwaka wa 1994, kilimo cha bustani kilikuwa miongoni mwa kozi za kwanza za diploma. Siku hizi kilimo hiki hufundishwa pia katika vyuo vya ufundi vilivyo karibu na wananchi.

Kipande na daftari

Aghalabu mwanafunzi hupewa kipande cha ardhi, awe peke yake au pamoja na wenzake. Hapo hutayarisha kitalu, hupandikiza miche, hutengeneza mboji, hupalilia na hatimaye huvuna. Kila anachofanya hukiandika katika daftari pamoja na tarehe.

Kazi mojawapo ya asubuhi ni ukaguzi. Mwanafunzi hupita kati ya mistari, akachagua mimea kumi hapa na pale, akageuza majani na kuhesabu wadudu waliojificha upande wa chini. Wakiwa wachache, huwatoa kwa mkono au kuwaangusha kwa maji. Jani lenye ugonjwa huling'oa na kulipeleka mbali. Msimu ukiisha, hapandi tena mmea wa jamii ile ile mahali pale pale, kwa maana wadudu na magonjwa yake yangali udongoni yakiungojea. Dawa huja mwisho, mbinu nyingine zikishindwa.

Kwa nini tungoje?

Dawa ya wadudu ikishanyunyizwa haitoweki siku hiyo hiyo. Jua, mvua, hewa na ukuaji wa mmea wenyewe huipunguza pole pole. Ndiyo sababu lebo ya dawa iliyosajiliwa hutaja idadi ya siku ambazo ni lazima zipite kabla ya kuvuna. Dawa moja yaweza kuhitaji siku 3, nyingine 7, nyingine 14 au zaidi, na dawa ile ile yaweza kuwa na siku tofauti kwa nyanya na kwa kabichi.

Kuna dawa zinazobaki juu ya jani, na kuna zile zinazoingia ndani na kusafiri pamoja na maji ya mmea. Kuosha mboga kwa maji safi yanayotiririka huondoa udongo, vijidudu na kiasi fulani cha dawa iliyo juu. Hata hivyo, hakuna maji yatakayoondoa ile iliyokwisha kuingia ndani. Kinga ya mlaji dhidi ya dawa hiyo ni siku tu, na siku hizo zi mikononi mwa mkulima.

Mfano wa hesabu

Tuseme mwanafunzi amenyunyiza nyanya Jumatatu, tarehe 3, kwa dawa yenye muda wa siku 7. Katika daftari huandika jina la dawa, kipimo alichotumia, na tarehe ya mapema kabisa ya kuchuma: Jumatatu, tarehe 10. Akiwa ametumia dawa mbili, moja ya siku 3 na nyingine ya siku 14, hufuata ile ndefu. Hapo hatachuma kabla ya tarehe 17, hata mnunuzi akisimama langoni na pesa mkononi.

Kipimo nacho kina hesabu yake. Lebo ikisema mililita 20 katika lita 20 za maji, pampu ya lita 5 itahitaji mililita 5 peke yake. Anayekisia kwa kifuniko cha chupa aweza kutia mara mbili au tatu ya kiasi kinachotakiwa, na siku zilizoandikwa kwenye lebo hazitamlinda tena mlaji, kwa kuwa zilihesabiwa kwa kipimo sahihi.

Sukuma wiki huleta tatizo la namna yake. Kabichi huvunwa mara moja, lakini sukuma wiki huchumwa kila baada ya siku chache. Dawa ya siku 14 haiwezi kupatana na mboga kama hiyo. Ama mkulima atafute dawa iliyosajiliwa kwa mboga hiyo na yenye muda mfupi, ama asitumie dawa kabisa.

Linalotuhusu sisi wa mjini

Mwaka wa 2013 Umoja wa Ulaya ulizidisha ukaguzi wa mishiri na njegere za maganda kutoka Kenya, baada ya kupatikana masalio ya dawa kupita kiwango kinachokubaliwa. Wakulima wa mazao ya ng'ambo walilazimika kuwa waangalifu zaidi. Lakini fungu la sukuma wiki linaloshushwa Marikiti alfajiri, aghalabu hufika sufuriani jioni bila kupitia maabara yoyote. Linamtegemea mtu mmoja aliyehesabu siku, au asiyehesabu.

Hii si sababu ya kuziacha mboga. Shirika la Afya Duniani lapendekeza kila mtu mzima ale angalau gramu 400 za mboga na matunda kwa siku, na anayezikosa hujidhuru. Linalofaa ni kumwuliza mwuzaji wako wa kila siku zimetoka wapi na zilinyunyizwa lini. Vile vile, kula mboga za aina mbalimbali, kama vile managu, terere, kunde na saga, na usisahau kuziosha.

Wenye magunia ya mboga uani au kwenye roshani wana wepesi kuliko mkulima. Mimea ishirini yaweza kukaguliwa kwa mkono kila asubuhi kabla ya kwenda kazini. Jihadhari na jambo moja: dawa iliyonunuliwa kwa ajili ya mawaridi isitumiwe kwenye mboga. Waridi haliliwi, kwa hivyo huenda lebo yake isitaje siku za kungoja kabisa.

Usalama wa anayenyunyiza

Kabla ya kushika dawa, mwanafunzi hujifunza kwa maji matupu hadi azoee pampu. Kisha huzingatia haya:

1. Huvaa glavu, buti, nguo za mikono mirefu na kinga ya macho na pua kama lebo inavyoagiza.
2. Hanyunyizi upepo unapovuma, wala hali, hanywi na havuti sigara kazini.
3. Mdomo wa pampu ukiziba, hauzibui kwa kuupuliza kwa kinywa.
4. Akimaliza huoga kwa sabuni, na nguo za kazi hufuliwa mbali na nguo za nyumbani.
5. Dawa hubaki katika chupa yake na kufungiwa. Haimiminwi kamwe katika chupa ya soda, kwani mtoto hatajua tofauti.

Dalili za kudhurika ni kama kuumwa kichwa, kizunguzungu, jasho jingi, mate kumtoka mtu, kuona ukungu, kutapika, kuendesha, misuli kutetemeka na kupumua kwa shida. Mwondoe mgonjwa mahali penye dawa, mvue nguo zilizolowa, na mwoshe ngozi kwa sabuni na maji mengi. Dawa ikiingia machoni, yaoshe kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 15. Ikiwa ameimeza, usimlazimishe kutapika. Mkimbize hospitalini, na uchukue chupa au lebo yake, maana daktari akijua aina ya dawa atajua upesi tiba ya kutoa.

Maswali ya kujipima

1. Umenyunyiza pilipili hoho tarehe 12, na lebo yataka siku 7. Utachuma lini kwa mapema?
2. Lebo yasema mililita 30 katika lita 20. Pampu yako ni ya lita 10. Utatia mililita ngapi?
3. Jirani amenyunyiza sukuma wiki jana na leo amekuletea fungu. Utamwuliza nini kabla ya kuwasha jiko?

Majibu: (1) Tarehe 19. (2) Mililita 15. (3) Alitumia dawa gani, na lebo yake yataka siku ngapi. Ikiwa hajui, mboga hizo zisiingie sufuriani.