Kupiga Picha Ufuko wa Miamba Jua Linapozama: Mwongozo kwa Wapiga Picha wa Kazi

Mwongozo huu ni wa mpiga picha anayelipwa kwa kazi yake, awe wa hoteli, wa harusi, wa kampuni ya utalii au wa gazeti. Unahusu mwambao wa Afrika Mashariki, ambako miamba mingi ya ufukweni ni matumbawe ya kale yaliyoliwa na maji kwa chini. Msingi wake ni huu: panga kazi kwa kufuata maji kwanza, kisha jua. Mwanga mzuri hauna faida kama mwamba umefunikwa, au kama njia yako ya kurudi imezibwa.

1. Ufuko unatazama wapi

Sehemu kubwa ya pwani yetu inatazama mashariki. Ukiwa Coco Beach, Nyali, Watamu au Jambiani, jua huzama nyuma yako, upande wa nchi kavu. Mteja akitaka jua likizama baharini, mpeleke Kendwa, Mji Mkongwe au Michamvi Kae.

Hata hivyo, usiudharau ufuko wa mashariki jioni. Miale ya mwisho hupiga uso wa mwamba moja kwa moja na kuonyesha kila tundu. Jua likishazama na anga likiwa safi, upande wa bahari hutokea mkanda wa waridi, na chini yake utepe wa kijivu na buluu. Utepe huo ni kivuli cha dunia yenyewe angani. Mkanda haukai, basi kamera iwe tayari imeelekezwa huko.

Kagua mahali siku moja kabla, saa ileile. Minazi na majengo huweza kutia kivuli ufukweni mapema kuliko ulivyodhani. Kumbuka pia kwamba Desemba jua huzama kusini zaidi ya magharibi, na Juni huzama kaskazini zaidi. Mwamba uliokaa sawa na jua mwezi mmoja hautakaa hivyo miezi sita baadaye.

2. Kuchagua siku kwa maji

Wakati wa bamvua, yaani karibu na mwezi mwandamo na mwezi mpevu, tofauti ya maji kujaa na kupwa Unguja hufika takriban meta 4. Siku hizo maji hujaa mnamo saa 10 alasiri na kupwa mnamo saa 4 usiku. Kwa hiyo jua linapozama maji yanaondoka. Mwamba unabaki umelowa na unarudisha rangi za anga, madimbwi yanabaki juu yake, na nyuma yako njia inazidi kufunguka.

Wakati wa maji mafu, yaani katikati ya bamvua moja na nyingine, mambo hugeuka. Maji hupwa mnamo saa 10 alasiri, na jua linapozama yanarudi. Mwamba ulio mbali na maji huwa umekauka, na jioni jiwe kavu hutoka jeusi pichani. Unaweza kufanya kazi siku hizo, lakini kwa tahadhari zaidi.

Kwa ufuko wa mashariki, siku bora ni ile inayotangulia mwezi mpevu. Mwezi huchomoza baharini kabla ya jua kuzama, mwamba bado una mwanga, na maji yanakupwa. Kila siku maji huchelewa kwa takriban dakika 50, hivyo usitumie saa za jana. Tazama jedwali la maji la bandari iliyo karibu, kisha muulize mvuvi wa hapo.

3. Saa ya kazi

Dar es Salaam na Unguja jua huzama kati ya saa 12:10 na saa 12:50 jioni, kutegemea mwezi wa mwaka. Kwetu karibu na ikweta jua hushuka wima, na giza huingia upesi: mwanga wa kufanyia kazi hubaki kama dakika 20 tu baada ya jua kuzama. Fika saa moja na nusu kabla. Tumia muda huo kuchagua sehemu mbili tu za kusimama. Mwanga ukishabadilika, hakuna muda wa kutafuta ya tatu.

4. Mipangilio ya kamera

Tumia tripodi, ISO 100, na tundu la lenzi la f/8 hadi f/11. Ukiwa na lenzi ya milimita 16 kwenye kamera ya fremu kamili kwa f/11, lenga fokasi kwenye kitu kilicho umbali wa meta 1. Kila kitu kuanzia nusu meta hadi upeo wa macho kitaonekana vizuri.

Kasi ya shata ndiyo inayoamua maji yataonekanaje. Kwa wimbi linalopasuka mwambani, anza na 1/500. Kwa maji yanayoteremka kwenye nyufa na kuacha michirizi, tumia nusu sekunde hadi sekunde moja, na bonyeza wimbi linaporudi baharini. Sekunde 30 hugeuza bahari kuwa ukungu, na hapo nguvu ya mawimbi haionekani tena. Kichujio cha kupunguza mwanga cha stopu 6 huzidisha muda mara 64, hivyo 1/60 huwa takriban sekunde moja.

Weka mizania ya rangi kwenye mwanga wa mchana. Ukiiacha ijipange yenyewe, kamera huweza kuipunguza ile rangi ya machweo uliyoifuata. Hifadhi faili za RAW, na piga picha tatu za mwanga tofauti pale anga linapong'aa na jiwe likiwa gizani.

Kwenye dimbwi la mwambani, shusha kamera hadi chini ya goti. Ukiwa umesimama wima utaona chini ya dimbwi, ilhali ukiinama utaona anga ndani yake.

Anayetumia simu afute lenzi, abonyeze skrini mahali penye mwanga na kushikilia hadi mpangilio ujifunge, kisha apunguze mwanga kidogo.

5. Usalama na vifaa

Matumbawe hukata kama wembe, basi vaa viatu vya soli ngumu. Jiwe lenye utando wa kijani huteleza, lipite kando. Kabla ya kusimama popote, tazama mawimbi kwa dakika 10, kwani wimbi kubwa huja baada ya madogo mengi. Usiipe bahari mgongo.

Maji yanaporudi hayaanzii mbele yako. Huingia kwanza kwenye mifereji iliyo nyuma ya mwamba, huku jiwe ulilosimamia likiwa bado kavu. Mfereji wa nyuma ukianza kujaa, funga vifaa na uondoke hapohapo. Nenda na mwenzako, na kila mmoja awe na tochi ya kichwani.

Refusha kipande cha chini kabisa cha miguu ya tripodi ili viungo vikae juu ya maji. Usibadilishe lenzi kwenye upepo wa bahari. Ukirudi, osha tripodi kwa maji baridi yasiyo na chumvi na ufute kamera kwa kitambaa chenye unyevu kidogo.

6. Watu wa pwani

Maji yakipwa, wanawake huenda mwambani kutafuta pweza na chaza. Hao wako kazini. Toa salamu kwanza, omba ruhusa, na ukikataliwa, shusha kamera. Usikanyage matumbawe hai. Anayetaka kurusha droni apate kibali cha mamlaka ya anga mapema.

Kabla ya kutoka nyumbani, andika mambo matatu kwenye karatasi: saa ya jua kuzama, saa ya maji, na njia utakayorudia. Moja likikosekana, mpigie mteja mpange siku nyingine.