Profaili za Ubanaji wa Video na Uhifadhi wa Fasihi Simulizi

Utangulizi
Mtafiti wa fasihi simulizi hurekodi sauti, uso na viungo vya fanani, kwa kuwa ishara ni sehemu ya matini. Hata hivyo, video nyingi hubanwa papo hapo ndani ya kamera ili zichukue nafasi ndogo. Makala haya yanafafanua profaili tatu za H.264, kiwango cha ubanaji kilichoidhinishwa mwaka 2003, na athari zake kwa data ya nyanjani.

Maana ya profaili
Wengi huichukulia profaili kuwa daraja la ubora. Kwa hakika, profaili ni orodha ya mbinu ambazo programu ya kubana inaruhusiwa kutumia, na ambazo kifaa cha kuonyeshea sharti kizifahamu. Hali hii inashabihiana na bahari za ushairi. Utenzi na tarbia hutofautiana kwa arudhi, lakini malenga dhaifu huharibu bahari yoyote. Vivyo hivyo, video ya profaili ya juu iliyopewa biti chache mno huwa mbovu.

Tofauti za profaili
Baseline hutabiri fremu kutokana na zile zilizotangulia pekee. Kwa kuwa haihitaji nguvu nyingi za uchakataji, iliifaa simu ya zamani. Main huongeza fremu zinazotabiriwa kutokana na zilizotangulia na zinazofuata, pamoja na usimbaji wa kihesabu unaopunguza biti. High huongeza uwezo wa kuchanganua picha kwa vipande vya pikseli 8 kwa 8, badala ya 4 kwa 4 pekee. Hivyo basi, kwa idadi ileile ya biti, High kwa kawaida hutoa picha safi zaidi.

Athari kwa utafiti
Biti zikiwa haba, miondoko ya haraka ya vidole na midomo ndiyo huvurugika upesi. Kuibana upya faili ya Baseline kwa High hakurejeshi kilichopotea. Aghalabu huongeza hasara. Yafaa faili asilia ya kamera ihifadhiwe bila kuguswa, na nakala ya Baseline itolewe kwa ajili ya vifaa vikuukuu tu.

Hitimisho
Fanani akifariki, utendaji wake haurudiwi. Uteuzi wa profaili kabla ya kurekodi, basi, ni sehemu ya mbinu za utafiti, sawa na uteuzi wa sampuli.