Njia Inayokurudisha Ulikotoka: Elia, Msitu wa Amani na Mkaa wa Mama



Wapendwa vijana wenzangu, kabla hujaendelea chukua Biblia yako usome 1 Wafalme 19:1-18. Ni habari ya nabii Elia akimkimbia Yezebeli. Soma taratibu, kisha urudi hapa. Leo nataka kuwashirikisha matembezi ya siku moja ambayo mimi mwenyewe yamenichukua karibu mwaka mzima kuyaelewa.

Ninakotoka

Kama umewahi kupanda basi la kwenda Tanga au Arusha ukitokea Dar es Salaam, Segera umepita. Ni pale barabara ya kutoka Chalinze inapogawanyika, moja ikienda Muheza na Tanga, nyingine Korogwe, Moshi mpaka Arusha. Abiria wanashuka kula, wengine wananunua machungwa. Na kabla hujafika, pembeni mwa barabara, umeyaona magunia ya mkaa yamepangwa yakisubiri mteja. Huenda mojawapo lilikuwa la mama yangu.

Mama anachoma mkaa. Baba alifariki nikiwa darasa la tano, na tangu hapo sare zangu, madaftari yangu, nauli na hela ya kula vilitoka kwenye tanuri. Nimekua nikijua harufu ya moshi wa udongo na jinsi ya kulala macho, maana tanuri likipasuka usiku usilizibe, asubuhi unakuta majivu. Nilipokwenda kusoma Tanga mjini na kujiunga na vijana wa parokia ya huko, nilisema tu kwamba mama ni mfanyabiashara. Si uongo, eti? Ndivyo nilivyojisemea.

Tulivyokwenda Amani

Ilikuwa Septemba. Kila mwaka, kuanzia tarehe 1 Septemba mpaka sikukuu ya Mtakatifu Fransisko wa Asizi tarehe 4 Oktoba, Kanisa pamoja na Wakristo wengine huombea na kutafakari kazi ya uumbaji. Padre mlezi wetu alisema safari hii hataki semina ya ukumbini. Tukakodi Coaster, tukaenda Muheza, tukashika barabara ya vumbi inayopanda milima ya Usambara Mashariki mpaka Amani.

Amani ina historia ndefu. Wajerumani walianzisha kituo cha utafiti wa mimea pale mwaka 1902, na baadaye pakawa mahali pa utafiti wa malaria. Mwaka 1997 serikali iliutangaza msitu huu kuwa hifadhi ya mazingira asilia. Milima ya Usambara ni sehemu ya Milima ya Tao la Mashariki, inayoanzia vilima vya Taita kule Kenya na kushuka hadi Udzungwa na Mahenge. Wataalamu huifananisha na visiwa: chini pande zote ni nchi kavu na yenye joto, juu ni msitu wa mvua unaoishi kwa unyevu wa pepo za Bahari ya Hindi. Kwa kuwa viumbe wake wamekaa peke yao kwa mamilioni ya miaka, wako vyura, vinyonga na mimea ambayo huwezi kuipata popote pengine duniani.

Njia tuliyopita ni ya mzunguko, upande wa kilima cha Mbomole. Si ngumu. Ukiwa na viatu vya kufunga, maji na koti la mvua, utaimaliza bila shida. Inapanda kidogo, inatulia, inapanda tena. Karibu yote ni kivuli. Mimi mtoto wa Segera, ambako saa sita mchana unatafuta mti wa kujificha jua kama unayetafuta hela iliyopotea, nilishangaa kutembea muda wote huo bila kukaushwa na jua. Mbega walikuwa juu ya miti, hondohondo wanapiga kelele, na kila mara tulivuka kijito.

Ua dogo chini ya mwamba

Mzee aliyetuongoza alisimama penye mwamba wenye unyevu akatuonyesha ua dogo la zambarau lenye majani ya manyoya. Alisema mwaka 1892 ofisa mmoja wa Kijerumani aliyekuwa akitawala upande huu, Walter von Saint Paul-Illaire, aliyaona maua ya aina hii akayapeleka kwao Ulaya. Mwaka uliofuata yakapewa jina la Saintpaulia kwa heshima yake. Leo yamejaa kwenye vyungu madirishani duniani kote, ila kwao ni huku kwetu.

"Sasa angalieni," akasema. "Hili ua halikatwi na mtu. Nani ana shida nalo? Lakini ukikata ule mti mkubwa pale juu, jua linaingia, mwamba unakauka, na ua linakufa. Hujaligusa, na umeliua."

Akaendelea: maji ya vijito hivi huingia mto Zigi, na Zigi ndio unaojaza bwawa la Mabayani linalolisha jiji la Tanga. Kumbe maji niliyokuwa nakinga bombani kule mjini yalianzia kwenye kivuli hiki.

Hakuficha pia upande mwingine. Alitueleza habari za Derema, ambako watu walikuwa wakilima iliki chini ya miti ya msitu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 iliamuliwa eneo lile lihifadhiwe ili vipande vya msitu viungane, na wakulima wakatakiwa kuacha mashamba yao kwa kulipwa fidia. "Msitu umepona," mzee akasema, "lakini iliki ndiyo iliyokuwa inasomesha watoto. Mkiombea msitu, waombeeni na hao."

Kisha akatuuliza, "Nani kwao wanapikia mkaa?" Mikono karibu yote juu, na wangu pia. "Na nani kwao wanachoma mkaa?"

Kimya. Mwenzangu mmoja akacheka, akasema, "Hao ndio wanaotumalizia nchi." Wengine wakaitikia.

Mkono wangu ulibaki chini. Tena nami nikacheka kidogo, ili nisionekane.

Swali lililoulizwa mara mbili

Tulipofika mahali pa kupumzika Padre alitupa nusu saa ya ukimya na sura ile ya 19. Nilikaa kwenye mzizi nikasoma, huku moyo unanidunda.

Angalia safari ya Elia. Ametoka kushinda pale Karmeli, lakini tishio moja la Yezebeli linamkimbiza mpaka jangwani. Anaketi chini ya mretemu, kwenye kivuli chake, na kuomba afe. Mungu hamgombezi. Anamletea mkate na maji, anamwacha alale, anamlisha tena. Hilo ni la kwanza la kushika: kuna wakati Mungu anachotaka kwako ni upumzike na ule. Kama umechoka na maisha, ukitembea msituni siku nzima bila simu hujapoteza muda. Huenda ndiyo njia ambayo malaika anakuamshia.

Halafu Elia anafika Horebu na kuingia pangoni. Mungu anamuuliza anafanya nini pale. Elia anajibu: amejitoa sana kwa Bwana, watu wote wamekengeuka, amebaki yeye peke yake. Unapita upepo, tetemeko, moto, kisha sauti ndogo ya utulivu. Mungu anauliza tena swali lilelile. Na Elia, soma vizuri aya ya 10 na ya 14, anatoa jibu lilelile! Ameisikia sauti ya Mungu na bado jibu lake ni la kukariri: mimi ni mwema, wao ndio wabaya, nimebaki peke yangu.

Pale kwenye mzizi niliulizwa na mimi. Unafanya nini hapa? Nikawa na jibu la kukariri: nimekuja kumsifu Mungu kwa uumbaji wake, mimi kijana ninayependa mazingira, si kama wale wachoma mkaa. Wale! Yaani mama yangu nimeshamweka kwenye "wale". Ndipo nikaelewa kwamba Elia alijificha pangoni, na mimi nilikuwa nimejificha kwenye kivuli kizuri cha Amani.

Rudi kwa njia uliyojia

Mungu habishani na jibu la Elia. Katika aya ya 15 anamwambia arudi njia yake. Anampa kazi na majina ya watu: Hazaeli, Yehu, Elisha. Na kuhusu ule upweke wake, anamjulisha kwamba wako elfu saba katika Israeli ambao hawakumpigia Baali magoti.

Njia ya mzunguko nayo ndivyo ilivyo. Unatembea, unaona uzuri, unafika juu, na mwisho unarudishwa palepale ulipoanzia. Niliona Coaster yetu kati ya miti nikajua kwamba safari yangu haijaisha, nina kipande kingine cha kwenda Segera.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda. Nilimkuta mama anashona mdomo wa gunia. Nikamsaidia. Nikamweleza yote, pamoja na mkono uliobaki chini na kile kicheko. Alinyamaza muda mrefu.

"Nisamehe, mama," nikasema.

"Nimekusikia, baba," akanijibu. Kisha akasema, "Mimi nikikata mti unadhani nafurahi? Zamani tulikuwa tunakata hapo nyuma ya nyumba. Sasa natembea saa nzima. Naona. Lakini wewe ulikuwa unataka daftari leo, si mwaka kesho. Kama Mungu ana kazi nyingine anionyeshe, kazi mimi siogopi."

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimekuja kumwelimisha, kumbe yeye alijua tangu zamani kuliko mimi. Papa Fransisko, katika waraka wake wa Laudato si' wa mwaka 2015, anafundisha kwamba kilio cha dunia na kilio cha maskini vinapaswa kusikilizwa pamoja. Nilikuwa nimesikia hilo kwenye semina mara nyingi. Sikuwahi kulisikia likisemwa na mtu mwenye masizi mikononi.

Tulichofanya baadaye ni kidogo, na sitakidanganyia. Nilijifunza habari za Kisiki Hai, njia inayotumika sana Dodoma: badala ya kung'oa visiki au kuacha mbuzi wale machipukizi, unachagua kisiki chenye uhai, unabakiza machipukizi machache yenye nguvu, unapogolea mengine, unaweka alama na kutunza. Mizizi iko tayari ardhini, kwa hiyo mti hurudi upesi kuliko mche. Mama na majirani zake wawili wanafanya hivyo kwenye eneo letu la nyuma. Nilipomsomea Ayubu 14:7, kuhusu tumaini la mti uliokatwa, alicheka akasema Ayubu naye lazima alikuwa na shamba. Kuku wameongezeka. Mkaa haujaisha, bado anachoma, ila kidogo kuliko zamani. Hatujafika, tuko njiani.

Na kwa wenzangu wa parokia nilisimama siku ya mkutano nikasema, "Mama yangu anachoma mkaa." Yule aliyecheka kule msituni alinifuata baadaye. Akaniambia bibi yake naye anachoma, huko Handeni. Kumbe mikono iliyobaki chini siku ile haikuwa wangu peke yake. Elia naye alidhani yuko peke yake.

Wewe unayesoma ukiwa mjini, usijitoe. Gunia la Segera linanunuliwa na mtu. Anayechoma na anayepikia wameshika gunia moja, huyu kwa huku na yule kwa kule. Kabla hujamhukumu mama wa barabarani, angalia jiko lako.

Maswali ya kutafakari, peke yako au katika jumuiya

1. Mungu akikuuliza leo unafanya nini hapo ulipo, jibu lako la kukariri ni lipi?
2. Ni nani wa nyumbani kwako unayemwonea aibu mbele ya wenzako? Alikutendea nini mpaka ukafika hapo ulipo?
3. Katika utunzaji wa mazingira, ni mzigo gani unamwachia maskini aubebe peke yake? Utabeba sehemu gani wiki hii?

Zoezi la wiki

Tafuta njia yenye kivuli karibu na kwenu, hata kama ni shamba la miembe nyuma ya kigango. Tembea nusu saa bila simu. Nusu ya kwanza shukuru kwa unachokiona. Unapogeuka kurudi, omba uonyeshwe mtu mmoja unayepaswa kumrudia. Kisha nenda kwake.

Sala

Ee Mungu Baba, uliyemlisha Elia chini ya mti na kumrudisha kwenye kazi yake, utupe kivuli tunapochoka, na ujasiri wa kutoka kivulini unapotuita. Utusamehe tulipowakana waliotulea. Ubariki mikono yenye masizi, uwafungulie njia nyingine ya riziki, na ukichipushe tena tulichokata. Kwa Kristo Bwana wetu. Amina.

Mtakatifu Fransisko wa Asizi, utuombee.